Somo: Kufuatilia Ukuaji wa Bakteria kwa Vihisi Katika Maji Yenye Dizeli

Hakuna kihisi cha kawaida kinachohesabu bakteria mmoja mmoja. Kinachosomwa ni dalili za uhai wao: ukungu wanaoutia majini, oksijeni wanayoivuta na kabonidioksaidi wanayoitoa.

Hatua ya 1. Andaa chupa mbili zinazofanana, kila moja ikiwa na maji na virutubisho vilivyouliwa vijidudu kwa mvuke wa nyuzi 121 za Selsiasi, kisha ongeza dizeli kidogo iliyochujwa (dizeli yenyewe isipikwe kamwe). Uwiano unaotumiwa sana ni sehemu 100 za kaboni kwa 10 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Chupa moja itiwe bakteria wanaokula mafuta, kama vile Pseudomonas putida. Ya pili ibaki bila bakteria ili iwe ya kulinganishia.

Hatua ya 2. Sawazisha vihisi. Maji yasiyo na chumvi yaliyoshiba hewa, yakiwa na nyuzi 25, hushika takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Kihisi cha oksijeni kikisoma tofauti sana, kirekebishwe kwanza.

Hatua ya 3. Pima kasi ya uvutaji wa oksijeni, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Pampu inayopuliza hewa ndani ya chupa ikiwa inafanya kazi, namba za oksijeni huweza kutulia hata kama bakteria wanaongezeka, kwa kuwa kinachoingia kinalingana na kinachotumika. Kwa hiyo zima pampu kwa muda mfupi, andika namba kila baada ya sekunde chache, na uiwashe tena kabla oksijeni haijashuka chini ya miligramu 2 kwa lita. Mteremko wa mstari utakaouchora ndio kasi unayoitafuta. Ukizidi kuwa mkali siku hadi siku, walaji wameongezeka au wamechangamka zaidi.

Hatua ya 4. Pima ukungu kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 600, kisha ondoa kutoka kwenye namba hiyo kipimo cha chupa ya kulinganishia. Binafsi sikiamini sana kipimo hiki kwenye mafuta, kwani baadhi ya bakteria hutoa kemikali zinazoyavunja kuwa matone madogo, nayo matone hayo hutawanya mwanga kama seli zinavyofanya.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mteremko wa oksijeni umelegea ilhali mafuta bado yanaelea. Je, bakteria wamekufa?

Jibu: Si lazima. Angalia pH (kiwango cha asidi majini), kisha ongeza naitreti kidogo (chumvi yenye naitrojeni). Mteremko ukirudi, walikosa naitrojeni tu. Ndiyo sababu fukwe za Alaska zilitiwa mbolea baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta mwaka 1989.

Swali: Kihisi changu kinasoma chini kidogo kila siku, hata ndani ya maji safi. Kimeharibika?

Jibu: Huenda bakteria wamejenga utando juu yake. Kifute kwa kitambaa laini, ukisawazishe upya.

Swali: Ukuaji ukionekana, naweza kuandika kwamba maji yamesafika?

Jibu: Hapana. Sehemu nyepesi za dizeli hupeperuka na hewa ya pampu bila kuliwa na yeyote. Chukua sampuli za chupa zote mbili, zipimwe kwa kromatografia ya gesi (njia ya maabara ya kutenganisha kemikali na kupima kiasi cha kila moja). Upungufu uliozidi ule wa chupa ya kulinganishia ndio unaoweza kuhesabiwa kuwa kazi ya bakteria.