Somo: Njia tuli yenye njia ya akiba kwenye ruta

Wakuu, leo tunaunganisha laini mbili za intaneti kwenye ruta moja: ya kwanza ifanye kazi kila siku, ya pili ikae pembeni ikisubiri zamu. Natumia amri za Cisco IOS, yaani mfumo unaoendesha ruta za Cisco. Lango la laini kuu ni 203.0.113.1, la akiba 198.51.100.1. Hizo ni anwani za mifano tu, weka zako.

Hatua ya 1: andika njia tuli zote mbili (njia tuli ni ile unayoiandika mwenyewe kwa mkono)

```
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 203.0.113.1
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 198.51.100.1 10
```

Kazi yote inafanywa na ile 10 ya mwisho. Ruta ikiwa na njia mbili za kwenda sehemu moja, huamini yenye namba ndogo. Njia tuli isiyopewa namba ni 1, OSPF ni 110, RIP ni 120 (hizo mbili ni itifaki ambazo ruta hutumia kufundishana njia zenyewe). Kwa hiyo njia yenye 10 inajificha: imo kwenye usanidi, lakini huioni kwenye jedwali la njia mpaka ya kwanza iondoke. Ukisahau kuiandika, zote zitakuwa 1 na ruta itagawa pakiti kwenye laini zote mbili. Kama njia kuu unaipata kwa OSPF, akiba ipe zaidi ya 110, mfano 200. Usiweke 255, hiyo haiingii kwenye jedwali kamwe.

Hatua ya 2: kagua

```
show ip route static
S*  0.0.0.0/0 [1/0] via 203.0.113.1
```

Chomoa kebo ya laini kuu, rudia amri. Ukiona [10/0] via 198.51.100.1, imekubali.

Wengi huishia hapa. Hata mimi niliishia hapa, hadi siku laini ilipokatika huko mbele kwa mtoa huduma. Modemu inawaka kijani, ofisi nzima haina mtandao, na laini ya akiba iko kimya tu. Ruta haikuwa na kosa. Inaiondoa njia tuli pale intafesi (mlango wa ruta unaochomekwa kebo) inapozima, na kebo kati yake na modemu ilikuwa nzima. Kwa upande wake mambo yalikuwa shwari.

Hatua ya 3: weka mlinzi

Mlinzi ni pingi, ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?", ambao ruta inautuma kila sekunde 10; usipojibiwa, njia kuu inaondolewa. Fanya hii ukiwa kwenye konsoli (umechomeka kompyuta moja kwa moja kwenye ruta), maana kuna sehemu utaifuta njia kuu.

```
ip route 8.8.8.8 255.255.255.255 203.0.113.1
ip sla 1
 icmp-echo 8.8.8.8 source-interface GigabitEthernet0/0
 frequency 10
ip sla schedule 1 life forever start-time now
track 1 ip sla 1 reachability
 delay down 20 up 60
no ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 203.0.113.1
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 203.0.113.1 track 1
```

Mstari wa kwanza ndio watu huuruka, halafu wanalaumu ruta. Unalazimisha pingi ya mlinzi ipite laini kuu peke yake. Bila huo, laini kuu ikifa pingi itapita kwenye akiba na kujibiwa. Ruta itadhani kuu imepona, itairudisha, pingi itafeli, itahamia akiba tena, na mtandao utacheza hivyo hivyo kutwa nzima. Ile delay inazuia kuhamahama kwa sababu ya pingi moja iliyopotea.

Hatua ya 4: jaribu kiukweli

Chomoa waya unaoingia kwenye modemu kutoka nje, siyo ule wa ruta. Subiri nusu dakika, kisha angalia `show track 1`.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nina matawi mawili yenye laini mbili kati yao. Niweke upande mmoja tu?*

Hapana, pande zote. Ukiweka upande mmoja pakiti zitakwenda kwa akiba, na majibu yatarudi kwa laini iliyokufa. Utaona pingi haijibiwi na utadhani akiba ndiyo mbovu.

*Ikihama, wengine wanapata mtandao papo hapo, wengine wanakwama.*

Hao bado wameshikwa na tafsiri za zamani za NAT (kazi ya ruta ya kubadilisha anwani za ndani ziwe anwani ya laini ya nje). Piga `clear ip nat translation *`. Hakikisha pia NAT umeiandikia laini zote mbili.

*Somo zuri mkuu. Kwangu inahama vizuri, pingi kwenda nje inajibu, ila tovuti hazifunguki kabisa.*

Kompyuta zako zinatumia DNS (seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) ipi?

*8.8.8.8.*

Ndiyo hiyo. Anwani hiyo tumeifunga kwenye laini kuu, ikifa nayo inazama. Mlinzi mpe anwani nyingine ambayo watumiaji hawaihitaji, na ubadilishe kote: kwenye icmp-echo na kwenye ule mstari wa kwanza.

*Nimebadilisha, zinafunguka. Nilikuwa naelekea kubadilisha ruta.*