Unaota Usiku Kucha, Unaamka Umechoka? Anzia Hapa

Wagonjwa wangu wengi huanza hivi: "Nesi, jana usiku kucha nilikuwa safarini." Kalala saa nne, kaamka saa kumi na mbili, mwili mzito kama kabeba magunia. Sote huota mara kadhaa kila usiku. Ndoto unayoikumbuka aghalabu ni ile uliyozindukia katikati. Kwa hiyo tunamsaka anayekuzindua.

Hatua ya 1: Daftari, wiki mbili. Kila asubuhi andika saa uliyolala, mara ulizozinduka, ulichokunywa jioni na dawa ulizomeza. Ndoto ipe mstari mmoja tu. Ukiisimulia yote, utazidi kuzikumbuka.

Hatua ya 2: Kagua dawa. Efavirenz, katika dawa za kufubaza VVU, inajulikana sana kwa ndoto kali. Zimo pia propranolol ya presha, mefloquine ya malaria na baadhi ya dawa za sonona. Usiache dozi kwa hasira! Rudi kliniki uulize kama inaweza kubadilishwa, au kumezwa saa nyingine. Anayetumia dolutegravir, nayo ya VVU, kwa mfano, mara nyingi huambiwa aimeze asubuhi.

Hatua ya 3: Jioni. Pombe hukulaza haraka na kuzibana ndoto mwanzoni mwa usiku. Alfajiri zinarudi na riba. Kahawa na chai kali viishie mchana.

Hatua ya 4: Ndoto inayojirudia, iandike upya. Hapa ndipo watu hunicheka, kisha wanarudi kushukuru. Fanya mchana, umekaa kwenye kiti, si kitandani. Kama una nyingi, anza na isiyotisha sana. Andika ilivyo kwa kifupi, halafu ibadilishe popote upendapo. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa akifukuzwa na lori lililokatika breki. Katika toleo lake jipya lori linapunguza mwendo, dereva anachungulia dirishani na kumuuliza, "Samahani kaka, Chalinze ni huku?" Basi. Toleo jipya, hilo tu, lipitishe akilini dakika 10 hadi 20 kila siku, ukiona rangi ya lori na kusikia honi. Lipe wiki kadhaa.

Hatua ya 5: Yasiyo ya kujitibu. Unakoroma na pumzi inakatika? Unarusha ngumi na mateke usingizini? Ndoto zilianza baada ya ajali au ukatili, au zinakuletea mawazo ya kujiua? Nenda hospitali, kwa hilo la mwisho, nenda leo. Wengine huita jinamizi na kutaka kuombewa kwanza. Sikatazi, ombewa, ila kliniki nako ufike, na vikopo vyote vya dawa mkononi. Njoo na unayelala naye chumba kimoja. Yeye ndiye aliyekuwa macho.