Vigae na mawe ya jikoni: namna ya kuchagua, kupachika na kutunza

Kabla ya kuuliza bei ya granaiti, tazama kwanza kinachopikwa nyumbani. Jiko linalokamua ndimu kila siku, linaloloweka ukwaju na kusaga manjano halifai kaunta ya marumaru, muuzaji aisifu vipi. Marumaru asilia ni mawe ya jamii ya chokaa, na asidi ya ndimu huila sehemu yake ya juu. Alama inayobaki si doa bali ni mng'aro uliolika. Sabuni haiiondoi, mpaka fundi aje na mashine asugue upya. Terazo ya saruji na chembe za marumaru ina udhaifu huohuo.

Granaiti halisi ni kwatzi na feldspa, madini magumu yasiyoguswa na ndimu. Tatizo ni kwamba si kila jiwe linaloitwa granaiti dukani ni granaiti. Omba kipande cha mabaki ya bamba lilelile unalotaka kununua, ukipime nyumbani kwa njia tatu. Dondosha maji ya ndimu, subiri dakika 10, futa: mng'aro ukififia, jiwe lina chokaa. Dondosha maji ya kawaida, subiri dakika 15: palipoloa pakiwa peusi zaidi, jiwe linanyonya na litahitaji sila, yaani dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe. Kama ni jiwe jeusi, lisugue kwa kitambaa cheupe chenye asetoni ya kuondolea rangi ya kucha. Kitambaa kikichafuka kwa weusi, jiwe limepakwa rangi na baada ya muda litapauka kuzunguka sinki.

Kwatzi ya kiwandani hainyonyi maji na haihitaji sila, lakini chembe zake zimeshikanishwa kwa gundi ya plastiki. Sufuria iliyotoka motoni moja kwa moja huiacha na duara la njano au ufa. Kwa wapishi wanaoepua haraka na kutua popote, granaiti ni salama zaidi, ingawa nayo isiwekewe jiko la mkaa juu yake: joto likikaa sehemu moja muda mrefu, jiwe hupanuka pale tu na kupasuka.

Kwa sakafu, chukua vigae vya poselini. Hivi hunyonya maji asilimia 0.5 au chini ya hapo, wakati vigae vingi vya ukutani hunyonya zaidi ya asilimia 10 na huvunjika kirahisi mchi ukianguka. Kama boksi halielezi, geuza kigae na udondoshee maji mgongoni. Yakizama papo hapo, hicho ni cha ukutani. Ubora wa mng'aro hauna maana jikoni: sakafu inayong'aa ikipata tone la mafuta inakuwa hatari, hasa kwa wazee na watoto. Tafuta uso usiong'aa wenye alama ya R10, yaani kipimo cha kutoteleza.

Kabla ya kulipa, weka vigae viwili uso kwa uso. Vikichezacheza katikati au pembeni, vimepinda, na hakuna fundi atakayevinyoosha. Soma pia namba ya toleo kwenye kila boksi; ile ya rangi na ile ya ukubwa zifanane kwenye maboksi yote. Vigae vya mtindo mmoja kutoka matoleo mawili hutofautiana weupe, na tofauti hiyo huonekana taa ikiwashwa. Kuhusu idadi, jiko la mita 3 kwa 3.6 lina mita za mraba 10.8. Ongeza asilimia 10 ya vinavyovunjika na kukatwa, zinafika 11.9. Boksi la vigae vinne vya sentimita 60 kwa 60 lina mita za mraba 1.44, kwa hiyo nunua maboksi 9. Vikipangwa kimshazari, ongeza asilimia 15 badala ya 10.

Sasa upachikaji, ambako ndiko vigae vingi vizuri huharibikia. Fundi anayebandika kigae kwa madonge matano ya saruji, manne pembeni na moja katikati, anaacha uwazi chini. Ukidondosha sufuria juu ya uwazi huo, kigae kinavunjika, na maji yakipenya yanatuama humo. Poselini hainyonyi, hivyo uji wa saruji tupu hauishiki vizuri. Tumia gundi ya vigae iliyoandikwa kuwa inafaa poselini. Mfuko wa kilo 20 hutosha takriban mita 4 za mraba. Ipake kwa mwiko wenye meno, milimita 6 ukutani na milimita 10 kwa vigae vikubwa vya sakafu, mistari yote ikielekea upande mmoja ili hewa itoke. Kigae kikubwa kipakwe gundi nyembamba mgongoni pia. Baada ya kubandika vichache, bandua kimoja ukague: gundi iwe imefunika angalau asilimia 80 ya mgongo. Kama haikufunika, simamisha kazi kabla haijaendelea.

Usikubali vigae kugusana hata kama vinapendeza hivyo. Acha milimita 2 ukutani na 3 sakafuni kwa spesa za plastiki, na milimita 5 hadi 8 pale sakafu inapokutana na ukuta, nafasi itakayofichwa na kigae cha ukingo. Sakafu hupanuka kwa joto, na isipopata nafasi, vigae vya katikati hufumuka na kuinuka kama paa dogo. Vigae virefu vinavyopangwa kama matofali visipishane nusu kwa nusu. Theluthi moja inatosha, kwa sababu virefu huwa na mpindo kidogo katikati.

Saruji nyeupe si grauti, yaani kijazio cha nafasi kati ya vigae. Jikoni hupasuka na kugeuka njano kwa mafuta. Nunua grauti ya unga na, kwa ukuta wa nyuma ya jiko la gesi, grauti ya epoksi ikiwezekana. Ni ghali na hukauka upesi, hivyo ichanganywe kidogo kidogo, lakini hainyonyi mafuta. Subiri saa 24 baada ya kubandika. Kwa grauti ya unga, mimina unga ndani ya maji, koroga, acha dakika 5, koroga tena bila kuongeza maji. Maji ya kuongezwa baadaye huidhoofisha na kuifanya iwe na madoa ya rangi tofauti. Isukume kwa mwiko wa mpira kimshazari, kisha futa kwa sponji iliyokamuliwa sana. Mahali kaunta inapokutana na ukuta, na kuzunguka sinki, weka silikoni badala ya grauti. Vitu viwili vinavyocheza tofauti vitapasua grauti, na maji yatashuka kabatini.

Bamba la granaiti la milimita 20 linatosha juu ya zege. Juu ya kabati la mbao, ambalo halina budi kuwa sawa kwa pima maji, milimita 30 ni bora. Sehemu inayoning'inia kwa ajili ya viti isizidi sentimita 25 bila kuwekewa vyuma. Mwambie fundi achonge mfereji mdogo wa kina cha milimita 3 chini ya ukingo wa mbele, ili maji yanayomwagika yadondoke sakafuni badala ya kutambaa hadi kwenye milango ya kabati. Ukataji ufanyike kwa maji: vumbi la granaiti, na zaidi la kwatzi ya kiwandani, huharibu mapafu kabisa. Na kinu kisiwekwe juu ya kaunta hata siku moja. Kutwanga huchosha jiwe pale lilipo jembamba, yaani ukanda wa mbele na nyuma ya sinki.

Sila hupakwa kwenye jiwe safi lililokauka saa 24. Paka kwa kitambaa, subiri dakika zilizoandikwa kwenye chupa, kisha futa yote iliyobaki juu. Ikikaukia juu hufanya utando wenye kunata. Jiwe lisiloloa baada ya dakika 15 za kipimo cha maji lisipakwe kabisa, maana sila haina pa kuingia. Rudia kipimo hicho kila mwaka.

Usafi wa kila siku ni maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa kikavu mwishoni. Stili wulu huacha chembe za chuma zinazoshika kutu kwenye grauti. Dawa kali ya choo hula grauti, na ikichanganywa na jiki hutoa gesi ya klorini inayoweza kuua. Vivyo hivyo jiki na siki.

Mafuta yakizama kwenye jiwe, changanya soda ya kuokea na maji hadi iwe rojo nzito, paka unene wa sentimita moja, funika kwa nailoni na ubane kingo kwa utepe. Baada ya saa 24 fungua, acha ikauke kabisa, kwangua. Kukauka ndiko kunakovuta mafuta juu, kwa hiyo usikwangue ingali mbichi. Doa kubwa huhitaji kurudia mara mbili au tatu. Kwa manjano, badala ya maji tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, ukijaribu kwanza pembeni. Jua nalo hupausha manjano, hivyo doa lililo karibu na dirisha hufifia lenyewe.

Weupe wa maji ya kisima yenye chumvi kwenye vigae hutoka kwa siki kipimo kimoja na maji vipimo vitatu. Loanisha grauti kwanza, acha dakika 5, suuza sana. Kwenye granaiti usitumie siki, maana jiwe lililouzwa kwa jina hilo laweza kuwa na chokaa. Lowesha na ukwangue taratibu kwa wembe uliolazwa karibu usawa wa jiwe.

Mara moja kwa mwaka gonga sakafu kwa sarafu. Kigae kinacholia uwazi hakijashikamana. Kwangua grauti kukizunguka kwanza, vaa miwani, kivunje kuanzia katikati kwenda nje ili majirani zake wasidhurike. Cha kubadilisha kitoke kwenye vigae vilivyobaki vya toleo lilelile, ambavyo huhifadhiwa pakavu, vikiwa vimesimama wima, na namba ya boksi ikiwa imeandikwa mgongoni mwa kimoja.