Bustani ya mboga Finland: anza na joto la udongo

Kwetu tunangoja mvua. Finland unangoja udongo upate joto, na hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza mwaka wa kwanza. Theluji imeyeyuka, jua la Mei linakaa mpaka karibu saa nne usiku, mtu anavua koti na kushika jembe. Ukichomeka kidole ardhini, bado kuna ubaridi wa maji ya friji. Maharage ukiyafukia humo hayaoti, yanaoza.

Kama umepata nyumba ya mashambani, wenyewe wanaiita mökki, au umekodi kipande cha bustani pembeni ya mji, kifaa cha kwanza kununua ni kipimajoto cha udongo. Kichomeke sentimita 10 kwenda chini, asubuhi, siku tatu mfululizo. Ukisoma nyuzi 5 hivi, sia njegere, spinachi na karoti. Zikifika 8, panda viazi. Maharage yangoje 12 au zaidi. Wazee wa huko hutazama pia mti wa betula: majani yake yakifikia ukubwa wa sikio la panya, wanajua majira yamefunguka.

Adui mkubwa ni jalidi, ule umande unaoganda usiku. Waliolima Njombe, Makete au Kinangop wanaujua. Kusini mwa Finland unaweza kupiga hata wiki ya kwanza ya Juni. Mimi nilipoteza miche 14 ya maboga kwa usiku mmoja. Jioni utabiri ulisema nyuzi 4, nikalala bila wasiwasi. Jua lilipochomoza, kwenye saa kumi alfajiri, majani yalikuwa magumu na yameng'aa. Kufika saa mbili yamelegea na kuwa meusi, kama mchicha uliochemshwa. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba idara ya hali ya hewa hupima hewa mita 2 juu ya ardhi. Usiku usio na mawingu wala upepo, hewa iliyogusa ardhi huwa baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa. Tena hewa baridi ni nzito: huteremka mteremko kama maji na kutuama bondeni, na bustani yangu ilikuwa bondeni, nyuma ya ua mnene ulioizuia hewa hiyo isitoke.

Kwa hiyo chagua mahali kabla ya kuchagua mbegu. Katikati ya mteremko unaotazama kusini ni pazuri, na kama mteremko unaishia ziwani, bora zaidi, kwa sababu maji ya ziwa hutunza joto na kulitoa usiku. Ukuta wa nyumba upande wa kusini nao ni hazina. Ua ukiwa chini ya bustani, fungua upenyo hewa baridi ipite.

Inua matuta sentimita 25 hadi 30. Tuta la namna hiyo hukauka mapema na kupata joto kabla ya ardhi tambarare. Juu yake tandaza kile kitambaa cheupe chepesi wanachokiita harso. Maji na mwanga vinapita, joto linabaki, na nzi wa karoti hapati mahali pa kutaga. Ni bei nafuu kuliko kupanda upya. Maboga yakianza kutoa maua kifunue mchana, nyuki waingie.

Sasa mboga zetu. Sombe usahau, mhogo hauna nafasi pale. Sukuma wiki ndiyo mfalme: tafuta mbegu zenye jina lehtikaali, jani lake limejikunja lakini sufuriani utaridhika, na baada ya jalidi la vuli linakuwa tamu zaidi kwa sababu mmea huongeza sukari ili usigande. Majani ya maboga yanawezekana, ukianza miche ndani mapema Mei na kuihamishia nje jalidi likiisha. Mchicha, au lengalenga kama wanavyosema ndugu zetu wa Kongo, unataka joto la nyuzi 20 hivi; uweke kwenye kitalu nyumba pamoja na matembele na nyanya. Nyanya sia Machi, dirishani penye mwanga. Miche yote ikomaze kwa kuitoa nje saa chache kila siku, kwa wiki nzima, kabla ya kuipandikiza.

Spinachi inawashangaza watu. Mchana mrefu wa Juni huifanya itoe maua haraka, majani yakabaki machache. Isie mapema Mei, kisha tena mwishoni mwa Julai.

Udongo wa huko kwa asili una tindikali. Nyunyiza chokaa ya bustani na uchanganye na mboji. Kabichi na jamii yake, sukuma ikiwemo, zisirudi tuta lile lile kabla ya miaka 4. Kuna ugonjwa unaovimbisha mizizi kama rungu, na ukishaingia hukaa udongoni miaka mingi.

Watu hudhani nchi ya baridi haina kiu. Mei na Juni mara nyingi ni kikavu, na miche michanga hufa kwa ukame huku ziwa liko hatua hamsini. Jaza pipa asubuhi, lipigwe na jua, umwagilie jioni. Maji ya ziwani moja kwa moja ni baridi mno kwa nyanya.

Viazi vya mbegu vitandaze penye mwanga, nyuzi 10 hadi 15, mwezi mmoja kabla ya kupanda, vichipue. Agosti mvua zikianza chungulia bakajani chelewa, ugonjwa unaooza majani na mashina ya viazi. Ukiona mashina yanageuka meusi, yakate na kuyaondoa shambani, kisha ngoja wiki 2 ndipo uchimbe, ngozi ya kiazi iwe imekomaa.

Kazi ya mwisho ni Oktoba, kabla ardhi haijaganda: vitunguu saumu, punje moja moja, sentimita 5 hadi 8 chini, juu ufunike majani makavu. Vinahitaji ile baridi ili vigawanyike punje. Tumia mbegu ya huko huko, maana vile vya dukani vilivyotoka nchi za joto mara nyingi havivuki majira ya theluji.