SOMO: Kuandaa faili la mtu wako aliyepigwa na bomu (soma kwanza ndo uulize)

Asalam aleikum. Kila wiki inbox yangu ina watu watatu wanne na suala ni lile lile, "nianzie wapi", kwa hivo naandika mara moja. Ami yangu aliumizwa na mripuko wa bomu Darajani, mjini Zanzibar, Juni 2014 na faili lake nnalo mimi.

1. Barua ya sheha, ioneshe wewe ni nani kwa majeruhi au marehemu.

2. PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), karatasi za hospitali, cheti cha kifo kama alifariki. Namba ya RB ya polisi (namba ya ripoti yako kituoni) iandike mahali pengine pia.

3. Maelezo ya walioona. Hapa n'liharibu. N'liwakusanya wote sebuleni baada ya isha, ami, shangazi na jirani wawili, kahawa ipo, kila mtu anasema na mwenzake anamsahihisha, mie naandika, nikaona nimepata kitu kizuri. Wakili akasoma akaniuliza mbona watu wanne wana sentensi moja? Jirani mmoja mwanzo alikuwa akisema kasikia kishindo tu, baada ya usiku ule akawa "kaona" pikipiki, na hasemi uongo masikini, ameshaamini. Ushahidi ule haujarudi tena. Basi kila mtu peke yake, chumba chake, siku yake. Usimwambie mwenzake kasemaje. Usimuulize "ilikuwa pikipiki?", muulize "uliona nini?" Andika maneno yake kama alivotamka, tarehe, saini au dole gumba.

4. Orijino haitoki nyumbani. Peleka kopi, na kopi yako igongwe muhuri wa kupokea. Mabomu ya Dublin na Monaghan kule Ireland, 17 Mei 1974, watu 33 waliuawa na hajahukumiwa mtu mpaka leo, na ripoti ya jaji Barron ya 2003 ilikuta baadhi ya mafaili ya serikali hayapo. Mafaili ya serikali! Sembuse bahasha yako.

5. Barua kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, nakala Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Huna pesa ya wakili, nenda Kituo cha Huduma za Sheria, hata Chake Chake, Pemba, wapo.

MASUALA

Fuoni_1: Kaka nina suala, naanzia wapi?
— Namba 1.

KijanaMpendae: Sie aliyefanya tunamjua, mtaa mzima unamjua. Niweke picha yake hapa?
— Usiweke. Mabomu ya Birmingham, Uingereza, 1974 walikufa watu 21, wakafungwa wanaume sita, wakakaa ndani miaka 16 ndo mahakama ikawaachia 1991 kuwa siyo wao. Wenye maiti wao wakabaki bila jibu. Unachokijua mpelekee wakili kwa maandishi.
KijanaMpendae: Kwa hivo unawatetea?
— Namtetea maiti wako. Rudi namba 3.

BintiWete: Samahani kaka, miaka imepita mingi, kesi si imeshakufa? Na bibi yangu ameanza kusahau, asubuhi tu ndo yuko sawa.
— Kosa la mauaji halifi kwa miaka dada yangu, madai ya fidia ndo yana muda wake, hilo muulize wakili mapema. Bibi mrekodi kesho asubuhi, usingoje wikendi. Kwanza ataje jina lake na tarehe, halafu mwache aseme, akinyamaza nawe nyamaza. Sauti itie kwenye simu mbili na flashi. Karatasi tia kwenye mfuko wa nailoni, masika yanakula karatasi.

MzeeNgambo: Mwanangu, na sie wa 1896? Bibi yake bibi yangu alikuwa Beit al-Hukm, jumba la sultani, siku Waingereza walipolipiga mizinga.
— Shikamoo mzee. Meli za Waingereza zilipiga 27 Agosti 1896 kwa dakika kama 38, na vitabu vinasema waliokufa na kuumia upande wa Sayyid Khalid, aliyejitangaza sultani, ni kama 500. Idadi tu. Nyaraka za Zanzibar za zamani ziko nyumba ya nyaraka Kilimani, ntakwenda na wewe Jumatatu inshaallah. Bibi yule akiitwa nani, binti wa nani?
MzeeNgambo: Zawadi. Baba yake namuuliza dada yangu, yuko Mkoani.
— Muulize peke yake mzee.