Somo: Kulikatia bima gari jipya la umeme

Wengi huanza kwa kuuliza bei. Mimi nasema anza na betri, maana mara nyingi ndiyo kifaa ghali kuliko vyote kwenye gari hili, na mkataba usioitaja waziwazi unaweza kukuacha mikono mitupu siku ya ajali.

Hatua ya 1: Andika namba ya chasi, modeli kamili na ukubwa wa betri kwa kilowati-saa. Modeli moja huweza kuuzwa na betri za ukubwa tofauti, na thamani hutofautiana. Ukiandikiwa ile ndogo, utalipwa kwa hesabu ya ile ndogo.

Hatua ya 2: Omba bei kwa kampuni tatu hivi. Usishtuke ikizidi ya gari la petroli la thamani hiyohiyo. Mafundi wanaothubutu kugusa umeme wa volti 400 si wengi, na gari likigonga jiwe kwa chini, karakana nyingine hazifungui betri. Zinataka ibadilishwe nzima. Gharama ikikaribia thamani ya gari, kampuni huliandika kuwa halifai kutengenezwa.

Hatua ya 3 (hapa usiwe na haraka): Uliza betri inalipiwa ikigongwa, ikiungua, ikiingia maji ya mafuriko. Waya wa kuchajia ukiibwa je? Chaja ya ukutani nyumbani iko kwenye bima ya gari au ya nyumba? Kama betri ni ya kukodi, mwenye betri atajwe kwenye mkataba. Majibu yote yaje kwa maandishi. Ahadi za kwenye simu hazina shahidi.

Hatua ya 4: Angalia huduma ya kubebwa gari likiharibika. Haliburutwi huku magurudumu yanayozungushwa na mota yakigusa barabara. Hupakiwa lote juu ya lori.

Hatua ya 5: Bima ianze kabla hujalitoa gari dukani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, bima ndogo haitoshi?
Hiyo huwalipa uliowagonga. Betri yako haimo. Na kama gari ni la mkopo, mkopeshaji kwa kawaida atadai bima kubwa, ile inayolipia na gari lako mwenyewe.

Betri ikichoka, chaji ikawa haikai, watanilipa?
Hapana, uchakavu si ajali. Hapo unamfuata mtengenezaji kwa waranti, ambayo kwa kampuni nyingi ni miaka 8 au kilomita 160,000. Soma waranti yako inasema uwezo wa betri ushuke hadi asilimia ngapi ya ule wa ilipokuwa mpya ndipo wakuhudumie. 70 ndiyo hutajwa sana.

Wikiendi nitalifanyia teksi kidogo tu. Ninyamaze?
Usithubutu, ndugu. Kwenye fomu umeandika matumizi binafsi. Ukigongwa ukiwa na abiria wa kulipa, umewapa sababu ya kukataa madai yako. Waambie sasa, uongeze hela kidogo.