Kufufua Mifumo Muhimu ya Mashua Kuukuu ya Tanga, Hatua kwa Hatua

Anayenunua mashua kuukuu ya tanga huvutwa kwanza na vinavyoonekana: matanga mapya, skrini ya ramani, paneli ya jua. Mimi humshauri kila ninayefanya naye kazi aanzie chini, kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua ambako maji hukusanyika, kwa kuwa mashua isiyozuia maji haitafaidika na kitu kingine chochote. Kisha afuate umeme, injini na mlingoti, na vifaa vipya vije mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Matundu yaliyo chini ya maji

Mashua ikiwa bado nchi kavu, tafuta kila tundu lililotobolewa chini ya usawa wa maji na uandike mahali lilipo: la maji ya kupoza injini, la choo, la sinki. Kila moja linapaswa kuwa na valvu inayofunguka na kufungika kwa mkono bila kulazimishwa. Ikwaruze kidogo kwa ncha ya kisu. Shaba ya njano iliyokaa miaka mingi katika maji ya chumvi hupoteza zinki yake, na chini ya uchafu utaona rangi ya waridi badala ya mng'ao wa njano. Valvu ya namna hiyo imebaki na umbo tu. Nguvu imekwisha, na yaweza kukatikia mkononi siku unayoihitaji zaidi. Weka ya bronzi, au ya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Usilichukulie jambo hili kwa wepesi, kwani tundu la milimita 38 lililo nusu mita chini ya maji huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika, na pampu nyingi za mashua ndogo haziwezi kushindana na kasi hiyo.

Mipira ya maji iliyounganishwa na valvu hizi, ikiwa imekakamaa au kupasuka, itolewe yote. Kila ncha ibanwe kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu pale shingo ya valvu inapokuwa na urefu wa kutosha, na kando ya kila valvu ufungwe kwa kamba mchi wa mti laini unaoweza kupigiliwa tunduni wakati wa dharura.

Hatua ya 2: Umeme

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa sababu kila mmiliki aliyepita ameongeza waya wake bila kuondoa wa zamani. Tenganisha betri kwanza. Chora mchoro wa nyaya zote kabla ya kukata hata mmoja, kisha ng'oa zisizofika popote. Menya kipande kidogo cha waya unaobaki: shaba ikiwa imegeuka nyeusi ndani ya ganda lake, waya huo umeshanyonya unyevu na hauna matengenezo. Nunua waya wa nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati, na viungo vibanwe kwa koleo maalumu na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Kiungo kilicholehemiwa peke yake hukakamaa, na mtikisiko wa bahari hukikata pale ulehemu unapoishia.

Fyuzi kuu ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, ndani ya sentimita 18 hivi, maana waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna ulinzi wowote ukigusana na kitu. Baada ya kuunganisha, washa taa za usafiri, upime volti kwenye betri na kwenye taa yenyewe. Tofauti ikizidi volti 0.36, yaani asilimia 3 ya volti 12, waya ni mwembamba mno au kiungo ni kibovu.

Pampu ya ngama ipate waya wake kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake, ili iendelee kufanya kazi hata swichi kuu ikizimwa. Betri za lithiamu ni nzuri, lakini huvuta mkondo mkubwa kwa muda mrefu hadi zikaunguza altaneta (jenereta ya injini inayochaji betri) isiyo na kidhibiti kinachofaa. Ziahirishe mpaka umelishughulikia hilo.

Hatua ya 3: Injini

Badilisha impela ya pampu ya maji, yaani gurudumu dogo lenye mbawa linalosukuma maji ya kupoza injini, na mbawa yake ikikosekana, ifuate hadi uipate, kwa kuwa huziba njia ya maji huko mbele. Safisha tangi la dizeli kabla ya kuweka machujio mapya, kisha toa hewa katika mabomba ya mafuta.

Hatua ya 4: Mlingoti na usukani

Pitisha pamba juu ya kila kamba ya chuma inayoushikilia mlingoti. Ikinaswa, kuna uzi uliokatika, na kamba hiyo ibadilishwe. Iwapo kamba zina zaidi ya miaka 10 hadi 15, au umri wake haujulikani, ningezibadilisha zote. Fungua pia vyuma vinavyozishika kwenye sitaha, kwani hulika mahali palipofichika, pale vinapopita ndani ya sitaha. Nyaya za usukani zikaguliwe hivyo hivyo.

Hatua ya 5: Kurudi majini

Mashua ikiwa bado kwenye mikanda ya winchi, fungua valvu moja baada ya nyingine na ufute kila kiungo kwa karatasi kavu. Tone likijitokeza tena baada ya kukaza klipu, funga valvu hiyo; na ikiwa maji yanapita kati ya valvu na mwili wa mashua, agiza inyanyuliwe papo hapo kabla mikanda haijalegezwa.